Maswali ya Wasomaji: Bawa Gani, kwa Mrukaji Gani?

Barua nyingi za toleo hili zinahusu mwavuli wenyewe, yaani parachuti ya kurukia kutoka kwenye ndege: umbo, ukubwa, kitambaa, kamba, na hatari anayojibebesha anayeuchagua. Katika hesabu tumeacha ukubwa kwa futi za mraba na uzito kwa pauni, kwa kuwa ndivyo lebo za watengenezaji zinavyosema. Kimo tumekiandika kwa mita.

SWALI: Wahariri wapendwa, nina miruko 70. Nina kilo 80, na zana zangu zote ni kilo 12. Naruka mwavuli wa mstatili wa futi za mraba 210. Kaka mmoja wa klabu yetu anauza wa 150, wa duaradufu, na wenzangu wananihimiza niuchukue kwa sababu eti natua vizuri. Niuchukue?

JIBU: Usiuchukue, ndugu yetu. Tunalisema mapema ili usome sababu zetu ukijua tumesimama wapi.

Kilo zako 92 ni pauni 203. Kwenye 210, kila futi ya mraba inabeba pauni 0.97. Kwenye 150 inabeba 1.35. Huo ndio mzigo wa bawa, na mwendo wa mwavuli hufuata kipeuo cha pili cha mzigo huo. Gawanya 1.35 kwa 0.97 upate 1.4, kipeuo chake cha pili ni 1.18. Utakwenda kwa kasi zaidi kwa asilimia 18, mbele na chini pia. Wengi huishia hapo na kusema asilimia 18 si kitu. Lakini nishati ya mwili unaogonga ardhi hufuata mraba wa mwendo, kwa hiyo itakuwa imepanda kwa asilimia 40. Kifundo cha mguu kilichovumilia kosa dogo chini ya 210 huenda kisivumilie kosa lile lile chini ya 150.

Na hesabu hiyo haijasema yote. Mwavuli mdogo una kamba fupi. Mwili unakuwa karibu na bawa, hivyo ukivuta kishikio kimoja cha kuongozea bawa linalala ubavu upesi zaidi na kuzamisha pua upesi zaidi. Ndiyo maana warukaji wawili wenye mzigo ule ule wa 1.2, mmoja mzito chini ya mwavuli wa 230 na mwingine mwepesi chini ya mwavuli wa 120, hawarushi chombo cha tabia moja. Wa yule mwepesi una papara zaidi. Watu wenye miili midogo hupotoshwa sana hapa, kwa kuwa huambiwa mzigo wao uko chini kwa hiyo washuke saizi tu, na hakuna anayewatajia urefu wa kamba. Juu ya hayo yote wewe ungeongeza umbo la duaradufu, ambalo tunalieleza katika jibu linalofuata. Ungekuwa umebadili mambo matatu kwa siku moja.

Sasa hiyo sifa ya kwamba unatua vizuri. Sifa hiyo inapima siku njema: upepo ulionyooka, uwanja mpana, hakuna aliyekukatiza njia. Mwavuli inafaa upimwe kwa siku ile nyingine. Kabla hujashuka hata saizi moja, hakikisha kwa mwavuli ulio nao sasa unaweza kugeuka digrii 90 na bawa likabaki bapa, bila kupoteza zaidi ya mita 15 hivi. Kugeuka walau digrii 45 katikati ya breki ya kutua, yaani ile ya kuvuta vishikio vyote viwili ili kupunguza mwendo kabla ya kugusa ardhi. Kutua na upepo wa ubavuni, bila upepo kabisa, na kwa upepo mdogo wa mgongoni. Kutua kwenye mteremko. Na kusimama ndani ya mita 10 za shabaha yako, tena kwa kurudia, si kwa kubahatisha. Mambo hayo yajaribiwe kwanza juu sana, kisha mwalimu wa miavuli akuangalie ukiyafanya. Ukikosa hata moja, 210 bado ina la kukufundisha.

Kanuni wanayoitumia walimu wengi ni mzigo wa 1.0 na nyongeza ya 0.1 kwa kila miruko 100. Kwa miruko 70 dari yako ni 1.07, na saizi 190 inakuweka pale pale darini. Kwa hiyo hata 190 ni ya kuazima na kuijaribu kwanza. Saizi 170, yenye 1.19, isiingie kichwani kabla ya miruko 200 hivi. Kila hatua iwe ya karibu asilimia 10, na ukubwa na umbo visibadilishwe kwa pamoja.

SWALI: Seli 7 au 9? Mstatili, nusu duaradufu au duaradufu kamili? Kila muuzaji anasema lake. Naomba mnieleze tofauti inayoonekana angani, si ya kwenye karatasi.

JIBU: Mwavuli wa leo ni bawa la kitambaa linalojazwa na upepo. Domina Jalbert aliombea wazo hilo hataza nchini Marekani mwaka 1964 na akapewa mwaka 1966. Kuna ngozi ya juu, ngozi ya chini, na mbavu za kitambaa katikati zinazoligawa bawa kuwa seli. Pua iko wazi, mkia umezibwa. Hewa inaingia, haina pa kutokea, na bawa linakaza. Mbavu zina matundu ili shinikizo lilingane upande hadi upande.

Bawa la seli 7 ni pana kutoka mbele hadi nyuma kwa kulinganisha na urefu wake wa bega hadi bega: uwiano wa kama 2.0 hadi 2.2 kwa 1. Linafunguka likielekea mbele bila vituko, linateremka kwa mwinamo mkali, na ukilivuta breki kupita kiasi linaacha kubeba polepole, likikupa muda wa kuachilia. Parachuti za akiba huwa za namna hiyo, na pia miavuli ya mashindano ya shabaha. Bawa la seli 9 ni refu zaidi, 2.5 hadi 2.8 kwa 1. Linakwenda mbali zaidi kwa kimo kile kile na breki yake ya kutua ni ndefu na laini. Gharama yake ni kwamba seli za pembeni huchelewa kujaa na kamba hujisokota kwa urahisi zaidi.

Duaradufu hupunguza upana wa bawa kuelekea ncha. Ncha nyembamba hazikokoti hewa nyingi, hivyo bawa linageuka kwa mvuto mdogo wa kishikio, na hata kwa kuegemeza nyonga upande mmoja wa mikanda. Nusu duaradufu iko katikati, na kwa mrukaji wa kawaida mwenye miruko mia kadhaa hilo ndilo umbo tunaloliona la busara. Kisha kuna mabawa yenye mbavu za mshazari, ambapo kila seli imegawanywa vyumba vitatu: 21 kwa bawa la seli 7, 27 kwa la seli 9. Ngozi yake haina mabonde, hivyo linakata hewa safi hata chini ya mzigo wa 2.0 na zaidi. Hayo ni ya watu waliobobea katika kutua kwa kuparaza ardhi.

Tofauti kubwa kuliko zote, ambayo muuzaji haitaji, huonekana kamba zinapojisokota. Chini ya mstatili wa 210 wenye mzigo mdogo, mara nyingi bawa linabaki bapa. Unashika mikanda ya mabega, unaitanua, unapiga teke kuelekea upande unaosokotoa, na unatoka. Chini ya duaradufu ndogo, ukiwa umefunguka na bega moja limeshuka au nyonga moja imelegea, bawa linapokea kosa hilo kama amri. Linalala ubavu na kuanza kuzunguka likizama. Kila mzunguko unakula kimo, nguvu ya mzunguko inakurusha nje, mikono inakuwa mizito, na vishikio vya dharura vinakuwa mbali. Umbo la bawa, pamoja na kuamua utakavyotua, linaamua pia una sekunde ngapi za kufikiri mambo yakiharibika.

SWALI: Nimeonyeshwa mwavuli uliotumika. Muuzaji anasema una miruko 600 na kitambaa bado kinang'aa. Nikague nini kabla ya kulipa?

JIBU: Kung'aa si kipimo. Uliza kwanza ni kitambaa gani. F-111, kitambaa cha nailoni kilichotawala kabla ya kuja kwa kitambaa kisichopitisha hewa, hutoka kiwandani kikipitisha hewa kidogo sana, na kila mruko na kila ufungaji hukiongezea uvujaji. Bawa la F-111 lenye miruko 600 litafunguka, litakwenda, na likifika kwenye breki ya kutua halitakuwa na cha kukupa. Kitambaa kisichopitisha hewa hudumu mara nyingi zaidi ya hapo, ila kinateleza na kusumbua kukunja, na hata chenyewe huharibiwa na jua na chumvi.

Utandaze mwavuli ndani, pasipo jua, ukague seli moja baada ya moja. Tazama mishono ya sehemu kamba zinaposhikana na ngozi ya chini, hasa kamba za mbele za katikati, ambako mzigo wa kufunguka hutua. Tia kichwa ndani ya pua uangalie matundu ya mbavu kama yamechanika pembeni. Kagua vizuizi vya slaida (kitambaa chenye pete kinachoshuka kwenye kamba ili mwavuli usifunguke ghafla) kwenye vitambaa vya pembeni: pete ya slaida ikikipita kizuizi kilicholika, ufunguaji unaofuata unaweza kukuumiza shingo. Pitisha kidole ndani ya pete zote nne za slaida. Mkwaruzo unaousikia kwa kidole unakata kamba.

Kamba ndizo zinazostahili muda wako mwingi. Dakroni ni nene, inanyumbuka kidogo na kupunguza kishindo, na hukuonyesha uchakavu wake mapema. Ndiyo maana iko kwenye miavuli ya wanafunzi. Spektra ni nyembamba na imara, lakini joto huifupisha. Slaida inaposhuka kwa kasi husugua zaidi kamba za nje na kamba za breki, hivyo hizo hufupika kuliko za katikati. Mwavuli unaanza kufunguka ukigeuka upande, unakwenda polepole, na mkia unabaki umevutwa chini hata mikono yako ikiwa juu kabisa. Vektrani haibadiliki urefu, ila hulika kwa msuguano na jua. HMA ni nyembamba sana na hushika vipimo vizuri, lakini inaweza kukatika bila dalili ya macho. Hiyo hubadilishwa kwa kuhesabu miruko kama mwongozo wa mtengenezaji unavyotaka, usingoje uone nyuzi.

Kipimo chenyewe: fundi wa miavuli mwenye leseni avute kamba kwa mkazo sawa na kuzilinganisha na jedwali la vipimo la mtengenezaji. Tofauti ya kushoto na kulia ndiyo mbaya zaidi. Kisha, kwenye mruko wa majaribio, mikono ikiwa juu, tazama kamba za breki: zinapaswa kulegea na kujipinda nyuma kwa upepo. Zikiwa zimenyooka kama uzi wa gitaa, ni fupi. Hakikisha pia sehemu ya chini ya kamba ya breki, pale inapofungwa kwenye kishikio na kupita kwenye pete ya mkanda. Hapo huchakaa kabla ya kwingine kote, na ikikatika upande mmoja wakati wa kutua, umebaki na breki ya mkono mmoja.

Muuzaji mkweli hatakataa ukaguzi wa fundi. Akikataa, ondoka. Na gharama ya seti mpya ya kamba uiingize kwenye bei tangu mwanzo.

SWALI: Miavuli yangu miwili tofauti imenifungukia kwa kishindo mwezi huu. Je, ni ufungaji wangu?

JIBU: Huenda, lakini anza na mwendo wako. Mtu anayeanguka kwa tumbo huwa na kilomita 190 hivi kwa saa. Anayeruka kichwa chini hupita 240. Akimaliza kuwakimbia wenzake na kufungua papo hapo bila kuupunguza mwendo, slaida haiwezi kumsaidia sana. Simama sekunde kadhaa, mabega sawa, kisha vuta.

Katika ufungaji, slaida ndiyo breki ya ufunguaji: iwe juu kabisa, imegusa vizuizi vyote vinne, na kitambaa chake kimegawanywa sawa na kutolewa kidogo mbele ili kidake hewa mapema. Pua isiachwe nje ovyo. Halafu mipira inayoshika kamba kwenye mfuko wa mwavuli uliokunjwa: vitanzi vya sentimita 5 hadi 8, vilivyobana. Mpira uliolegea huachia kamba kwa fungu, mfuko hufunguka kabla kamba hazijanyooka, na kitambaa huanza kujaa wakati mwili bado una kasi yote. Kamba isiyofungwa kati ya mfuko na mikanda ibaki kama sentimita 45 hadi 60, ili mfuko utoke bila kupinduliwa.

Mwavuli mzuri hufunguka kwa sekunde 3 hadi 5, ukila mita 200 hadi 300. Ukifunguka kwa sekunde moja mara mbili mfululizo, usiuruke tena kabla fundi hajauona.

SWALI: Shemeji zangu wanasema mchezo huu ni kujiua. Klabuni naambiwa ni salama kuliko kuendesha gari. Nani mkweli?

JIBU: Dada yetu, wote wawili wamerahisisha, na wa klabuni wana lawama kubwa zaidi kwa kuwa wao wanajua.

Takwimu zilizo wazi ni za chama cha warukaji cha Marekani, USPA. Mwaka 2023 walikufa watu 10 katika miruko ipatayo milioni 3.65, yaani 0.27 kwa kila miruko 100,000. Katika miaka ya 1970, nchini humo humo, walikuwa wakifa zaidi ya 40 kwa mwaka kwa wastani. Kwa hiyo kujiua si neno lake. Lakini kulinganisha na gari ni mchezo wa vipimo: mruko mmoja ulinganishwe na kilomita moja, safari moja, au mwaka mzima wa kuendesha? Ukichagua kipimo, umechagua jibu. Hesabu hii ina manufaa zaidi: anayeruka mara 200 kwa mwaka, kwa wastani huo, amejiweka kwenye nafasi ya kama 1 katika 1,800 ya kufa mwaka huo. Waambie shemeji zako namba hiyo. Ni ya kweli, na mtu mzima anaweza kuikubali au kuikataa akiwa ameiona.

Tena wastani huo una watu wa aina nyingi ndani yake. Una mwanafunzi chini ya mwavuli mkubwa mpole, na una anayejifunza kuparaza ardhi kwa kilomita 90 kwa saa. Hawabebi hatari moja.

Kilichobadilika zaidi ni namna watu wanavyokufa. Zamani wengi walikufa kwa sababu hawakufungua chochote, au walifungua wakiwa wamechelewa, au walishindwa kuachia mwavuli mbovu. Kisha ukaja mfumo wa pete tatu wa Bill Booth katika miaka ya 1970, unaoachia mwavuli mkuu kwa mvuto wa kishikio kimoja. Mwaka 1991 kikaja CYPRES, kifaa cha Kijerumani kinachofungua akiba chenyewe. Vifo vya namna ile vikapungua. Wakati huo huo miavuli ikawa midogo na ya kasi, na kundi jipya la ajali likajitokeza: mtu mwenye mwavuli mzima, uliofunguka bila dosari, aliyegeuka kwa nguvu karibu na ardhi. Booth mwenyewe ameieleza hali hiyo kama kanuni: zana zikizidi kuwa salama, warukaji huthubutu zaidi, na vifo hubaki palepale. Mwanasaikolojia Gerald Wilde wa Kanada alikuwa na nadharia inayofanana na hiyo, aliyoichapisha mwaka 1982: kila mtu ana kiwango cha hatari anachokiridhia, na ukimpunguzia hatari upande mmoja huijazia upande mwingine.

Hatukubaliani na kanuni hiyo yote, kwa sababu vifo kwa kila miruko vimepungua kweli. Lakini tunaiona ikifanya kazi kila mtu anaposema nina kifaa, nina akiba nzuri, basi naweza kushuka saizi. Kifaa hicho hakina msaada wowote mita 30 kutoka ardhini chini ya mwavuli mzima. Hatari uliyoipunguza kule juu umeihamishia chini, kwenye mikono yako.

Ukitaka kujua unavyoipima hatari, jiulize mara ya mwisho ulipobaki ardhini kwa sababu ya upepo huku wengine wakipanda ndege. Kama huikumbuki, na una miruko mingi, mpaka wako unawekwa na wenzako.

SWALI: Kama kifaa cha kujifungua kipo, kwa nini mwalimu ananisisitizia kimo cha uamuzi?

JIBU: Kwa sababu kifaa hakijui kwamba mwavuli wako ni mbovu. CYPRES ya warukaji wazoefu hufanya kazi kwenye mita 225 hivi, na ni pale tu unapoanguka kwa kasi ya zaidi ya mita 35 kwa sekunde. Ukiwa unazunguka chini ya mwavuli uliojisokota, ukishuka mita 20 kwa sekunde, unaweza kufika ardhini nacho kimenyamaza. Na ukianguka kwa kasi kamili, mita 225 ni sekunde 4.

USPA inashauri mwanafunzi na mwenye leseni ya A awe ameamua kwenye mita 760, na wenye leseni za juu kwenye mita 550. Ukifika hapo na mwavuli hauendeshwi, achia mkuu, fungua akiba. Kutojaribu tena chini ya hapo ndiyo maana yote ya kuwa na kimo cha uamuzi.

Kuna hatari ya upande wa pili pia. Ukifungua mkuu ukiwa umechelewa, kifaa kinaweza kufyatua akiba wakati mkuu nao unajaa, ukawa na miavuli miwili. Ikitulia mmoja mbele ya mwingine, iendeshe kwa upole sana. Ikiachana na kuelekeza pua chini, kila mmoja upande wake, achia mkuu mara moja. Na toleo la kifaa la wanafunzi, ambalo hufyatuka kwa mita 13 tu kwa sekunde, halifai kabisa chini ya mwavuli wa kasi: mzunguko mmoja mkali karibu na ardhi unatosha kuliamsha.

SWALI: Bawa langu lilikunjika ncha nikiwa karibu kutua, upande wa nyuma wa hangari. Je, ninunue mwavuli wenye vali za kuzuia hewa kutoka?

JIBU: Vali hizo husaidia bawa kubaki na shinikizo, lakini hazifuti msukosuko. Hewa iliyovurugwa na jengo huenda upande unakoelekea upepo kwa umbali wa mara 10 hadi 20 ya urefu wake. Hangari la mita 8 linaweza kukuharibia hewa hadi mita 160. Badili njia yako ya kutua kwanza.

Ukijikuta humo, tazama mbele, weka mikono sawa, na uruke kwa mwendo ambao mwongozo wa mwavuli wako unauelekeza. Kwa mingi ni mwendo kamili. Usipige breki juu chini kwa hofu. Rekebisha mwelekeo kwa mivuto midogo, unganisha miguu na magoti, na uwe tayari kubingirika: nyayo, kigimbi, paja, nyonga, bega la upande wa pili. Breki ya kutua ipigwe hata kama bawa halijakaa sawa.

SWALI: Nikiwa mita 40 naona uzio mbele yangu. Mkono unataka kuvuta kishikio kimoja hadi chini. Nifanye nini?

JIBU: Hapa ndipo watu wenye miavuli mizima huumia. Ukivuta kishikio kimoja hadi chini, bawa linalala, pua inazama, mwili unarushwa nje, na mwavuli unahitaji kimo ili ujinyanyue tena. Chini ya bawa dogo kimo hicho kinaweza kuwa kikubwa kuliko mita 40 zako. Utaukwepa uzio na kuipiga ardhi kwa kasi kuliko ambayo ungeupiga nayo uzio.

Fanya hivi. Vuta kishikio cha upande unaotaka kwenda, taratibu, hadi bawa lianze kugeuka. Papo hapo shusha na cha pili, pungufu kidogo ya cha kwanza, ili kulinyanyua bega lililolala. Bawa litageuka likiwa bapa, polepole, bila kuzama. Geuka kiasi cha kuukosa uzio tu. Usihangaike kuelekea upepo. Kutua na upepo wa ubavuni au wa mgongoni, bawa likiwa juu ya kichwa chako, kunavumilika zaidi kuliko kutua ukielekea upepo katikati ya mgeuko. Kisha weka mikono sawa na umalizie breki ya kutua kutoka hapo ilipo. Usiirudishe juu kwanza, kwa sababu bawa litarukia mbele na kuzama.

Jizoeze ukiwa juu ya mita 750. Kwanza tafuta mahali bawa lako linapoacha kubeba: shusha vishikio vyote viwili polepole hadi uhisi linatikisika na kurudi nyuma, ukumbuke mikono iko wapi mwilini, kisha virudishe juu taratibu, kwa pamoja. Huo ndio mpaka wa mikono yako. Halafu geuka digrii 90 kwa bawa bapa, kushoto na kulia, ukisoma kwenye kipima kimo umepoteza mita ngapi. Ufanye hivyo kwenye miruko kadhaa, na uache mazoezi ya kugeuka kabla ya kufika mita 300, ambapo unaanza mpangilio wako wa kutua: mita 300 kuingia, mita 180 kukata kona ya kwanza, mita 90 kuelekea mwisho. Kabla ya kona ya mita 90, tazama mbele kama kuna uzio, waya au mtu. Ukiviona hapo, mgeuko mdogo unatosha.